Siku saba Hispania: Sevilla, Córdoba, na tiketi ya Granada iliyotuponyoka

Mimi ni fundi cherehani. Duka langu liko Old Kampala, chini kidogo ya msikiti mkuu, na hadi mwaka huo safari yangu ndefu kabisa ilikuwa ya Mombasa, kununua leso. Kwa hiyo Baba Shadia aliponiambia kwamba miaka 25 ya ndoa yetu tutaiadhimisha Hispania, nilimuuliza kama ameota. Kumbe alikuwa anaweka pesa kidogo kidogo kwenye akiba ya chama chao cha madereva, miaka sita, na hakuwahi kunidokezea hata siku moja. Hilo nalo tulilizungumza, lakini si la hapa.

Ubishi ulikuja kwenye mji. Yeye alitaka Madrid au Barcelona, na sababu mnaijua: mpira. Shadia, binti yetu, akasema Barcelona maana picha zake ni nzuri. Mimi nilitaka Granada. Mteja wangu mmoja alinionyesha kwenye simu kuta za Alhambra, ngome ya kale ya wafalme Waislamu iliyoko Granada, zile nakshi za plasta zilizofumwa kama darizi ya kofia, nikasema kabla sijafa nitaziona kwa macho.

Siku tulizokuwa nazo ni saba, na ndege za kwenda na kurudi zimo humo humo. Zaidi ya hapo siwezi kulifunga duka, kwa sababu Novemba watu wanaanza kuleta vitambaa vya gomesi, lile gauni letu la heshima, za kwanjula za Disemba, yaani sherehe za kumtambulisha mchumba kwa wazazi. Nikachukua karatasi ya kukatia sampuli na chaki ya kitambaa, nikachora nchi yenyewe. Madrid iko katikati. Barcelona iko kule juu mashariki, pembeni kabisa. Sevilla, Córdoba na Granada zimekaa kusini kama mafiga matatu. Nilipomaliza kuchora, Barcelona ilikuwa imejitoa yenyewe. Sijafika huko, kwa hiyo siwezi kuisifu wala kuiponda. Ninachosema ni kwamba mwenye siku chache aanze na ramani, kisha mwezi, jina la mji lije mwisho. Sisi tulianza na jina na tukagombana wiki mbili bure.

Mwezi una uzito kuliko watu wanavyodhani. Sevilla ya Julai na Agosti joto hupita nyuzi 40, na wenyeji wenyewe mchana hujifungia ndani. Novemba tulikuta mchana wa nyuzi kama 20 hivi, jua la kupendeza, na usiku wa kuvaa sweta. Madrid ilikuwa baridi zaidi. Baba Shadia alishangaa, maana Madrid iko kama mita 650 tu juu ya bahari na Kampala yetu inakaribia 1,200. Nikamwambia Kampala ina ikweta inayoipasha moto, Madrid haina.

Visa nitaipitia haraka. Ni ile ya Schengen, moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya, ada yake euro 90 kwa mtu mzima, na euro moja ilikuwa kama shilingi 4,000 zetu. Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na usichelewe kupita siku 15. Sisi tuliomba miezi miwili kabla. Kuna wakala mmoja mjini aliyetaka shilingi 600,000 za kutujazia fomu, fomu yenyewe ni ya bure. Shadia aliijaza jioni moja akila karanga.

Sasa la Granada. Ndani ya Alhambra kuna kasri za Wanasri, ukoo wa wafalme wa Granada, ndizo zenye zile nakshi nilizoziota, na tiketi yake ina saa ya kuingilia na jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti. Mimi nilidhani ni kama kwenda kutazama makaburi ya Kasubi, ya wafalme wa Buganda: unafika getini, unalipa, unaingia. Shadia alipofungua ukurasa wa tiketi zilikuwa zimebaki siku 12 tu tusafiri, na tarehe zetu zote zilikuwa zimekwisha. Kwa pupa tukanunua kwa muuzaji wa pembeni aliyejitokeza kwenye intaneti. Tiketi zilipokuja tukazisoma mara tatu. Zilikuwa za bustani. Kasri hazimo. Tukaomba pesa zetu, tukajibiwa kwamba masharti yaliandikwa pale chini. Siku hiyo nilikuwa na hasira hadi nikashona zipu ya gauni la mtu nje ndani.

Kwenda Granada bila kuingia kasri ni kwenda harusini ukaishia kwenye turubai. Nikaifuta kwenye karatasi, na ule usiku wake tukaupa Córdoba, mji ambao hakuna hata mmoja wetu aliyeutaka.

Madrid tulilala usiku mmoja. Baba Shadia alitembezwa ndani ya Bernabéu, uwanja wa mpira wa Real Madrid, akapiga picha na kila kitu kilichosimama wima, akatoka ametosheka. Mimi nilikwenda jumba la picha la Prado saa 12 jioni, kwa sababu siku za kazi saa mbili za mwisho kuingia ni bure. Foleni ndefu lakini inakwenda. Kuna mchoraji mmoja wa zamani aliyechora mikunjo ya hariri, nikasimama pale nikitafuta mshono. Basi. Mji ni mkubwa, magari mengi, na kwa siku chache unautazama tu juu juu.

Kesho yake tukapanda treni ya kasi kutoka stesheni ya Atocha. Njia hiyo ya Madrid hadi Sevilla ndiyo ya kwanza ya kasi waliyoijenga, ilifunguliwa 1992, na ina urefu wa kilomita 470 na ushei. Tulitumia saa mbili na nusu. Baba Shadia ni dereva wa basi la Kampala kwenda Gulu, kilomita 330 na zaidi kidogo, na anajua saa anazozitumia. Njia nzima hakusema kitu, alikuwa anatazama nje tu. Mizeituni, mizeituni, mizeituni, kama migomba kwetu Masaka.

Sevilla tulikaa siku tatu. Kwanza malalamiko. Gesti tuliyolipia ilisema chumba kina dirisha. Dirisha lilikuwepo, ila limefunguka kwenye uwazi wa katikati ya jengo, mahali pa kuanikia nguo, giza mchana kutwa na harufu ya vitunguu vya jirani. Nilipouliza, mama wa mapokezi akaniambia hiki ni chumba cha ndani, cha nje kina bei yake. Kumbe huko ni kawaida, vyumba vya ndani na vya nje, na imeandikwa kwenye maelezo ukijua neno la kutafuta: interior ni giza, exterior ni mwanga. Sikuwa nalijua. Mwenzangu, lijue.

La pili ni saa. Hispania iko nyuma yetu saa mbili, hilo tulilijua. Tusilojua ni kwamba jua lao halifuati saa yetu ya Kiswahili. Saa moja asubuhi, ambapo kwetu watoto wako shuleni, kule ni usiku mweusi. Mwezi huo jua lilikuwa linachomoza karibu saa mbili. Chakula cha mchana wanakula saa nane, saa tisa, na jikoni zikishafungwa, mpaka saa mbili usiku ndipo mafiga yanawashwa tena. Siku ya kwanza tulitoka saa kumi na moja jioni na njaa ya kweli. Kila tulipoingia tulipewa kinywaji na zeituni. Mzee wangu alikula zeituni 20 akaniambia, "Mama Shadia, hii si sherehe, hii ni saumu."

Tukajirekebisha. Asubuhi tulikula mkate wa kuchoma, umemwagiwa mafuta ya zeituni na nyanya iliyosagwa, na kahawa ya maziwa. Rahisi, tena hauna shaka. Mchana tukala mlo mkubwa. Sisi ni Waislamu na ninajua wasomaji wengi wa hapa wataniuliza, basi nisikilizeni: nguruwe ananing'inia kila mahali, mapaja mazima darini juu ya vichwa vya watu wanaokula. Hata mchicha wanaweza kukutilia vipande vyake. Sentensi ya kukariri ni sin jamón, yaani bila hiyo nyama ya paja, na sin cerdo, bila nguruwe kabisa. Tulijishikiza kwenye samaki wa kukaanga, mayai na viazi wanayoyaita tortilla (ni binamu wa rolex, yale mayai yetu ya kuviringishwa kwenye chapati, ila haina chapati na inakatwa kama keki), na mchicha wa dengu. Huu mchicha ndio nitakaoukumbuka. Una bizari nyembamba, vitunguu saumu na mkate wa kukaanga uliopondwa ndani, na nilipoonja kijiko cha kwanza nilimwona bibi yangu. Nilirudi kula siku zote tatu, duka lile lile, hadi mhudumu akawa anauandika kabla sijakaa.

Na ndipo nilipoanza kusikia lugha. Nilikuwa nimejiandaa kuwa bubu. Lakini mhudumu anasema mesa, anaonyesha meza. Anauliza azúcar, ni sukari. Biringanya wanaiita berenjena, zafarani ni azafrán, bendera ni bandera. Mtu asiye na jina ni fulano, fulani yule yule wa kwetu! Na ile hasta wanayoagana nayo, hasta mañana, ni ile hata ya Kiarabu tuliyoichukua na sisi, "hadi kesho." Kuna maneno tuliyoyapata kwa Waarabu kama wao, na kuna tuliyoyapata kwa Wareno, ambao lugha yao na ya hawa ni ndugu. Nilimweleza mhudumu kwa ishara kwamba kwetu meza ni meza. Akamwita mwenzake jikoni aje asikie. Siku ya tatu tulipewa chai ya bure.

Giralda mtapanda, hilo halina mjadala. Ni mnara wa msikiti wa zamani, ulimalizika 1198, baadaye msikiti ukavunjwa pakajengwa kanisa kuu na mnara ukaongezewa kengele juu. Sisi tunaoishi chini ya msikiti wa Old Kampala tunazijua ngazi zake 304 na magoti yetu yanazijua zaidi. Giralda haina ngazi. Ina miteremko 35 inayozunguka ndani, mipana, iliyojengwa hivyo ili mwadhini aweze kupanda juu ya mnyama. Ngazi ziko chache tu pale mwisho. Nilipanda bila kusimama. Chini uko ua wa michungwa, mahali watu walipotawadhia. Michungwa hiyo imejaa mji mzima, matunda yananing'inia juu ya vichwa na hakuna anayechuma. Baba Shadia alichuma. Ni machungu kama shubiri. Mzee mmoja kwenye benchi alimtazama akitema, wala hakushangaa.

Kwa aliyekosa Alhambra kama mimi, dawa iko hapo hapo Sevilla: kasri la Alcázar. Ndani yake kuna jengo la mfalme Pedro wa karne ya 14. Mfalme Mkristo, lakini alileta mafundi Waislamu, wengine kutoka Granada, wamjengee kama walivyojua. Kwenye uso wa jengo, juu kabisa, kuna vigae vya buluu na maandishi ya Kiarabu ya kikufi, yale ya pembe pembe, yanayojirudia: wa la ghaliba illa Allah, hapana mshindi ila Mungu. Hayo ndiyo maneno ya wafalme wa Granada, yale yale yaliyojaa Alhambra. Nilisimama pale shingo ikaniuma. Tiketi tulinunua mapema safari hii, tukashika foleni ya saa tuliyopewa, na saa tatu baadaye mume wangu alikuwa amelala kwenye benchi la bustani, tausi anampitia miguuni. Plaza de España, ule uwanja wa nusu duara uliojengwa kwa maonyesho ya 1929, ni mzuri kwa picha na ni bure. Zaidi ya hapo sina la kuongeza.

Kilichonifunga Sevilla ni duka la magauni. Mmeyaona kwenye picha, yale ya nukta yenye marinda kuanzia gotini kushuka, wanawake huvaa kwenye sikukuu yao ya Aprili. Niliingia kutazama nikakaa saa nzima. Niliinua pindo nikalipitisha kati ya vidole, kwa sababu nilitaka kujua marinda yale yanasimamaje bila kulala. Ndani ya pindo mna uzi wa nailoni, ule wa kuvulia samaki, umefungiwa kwenye mshono mwembamba wa zigizaga. Unavuta kitambaa kidogo unaposhona, nailoni inakataa kukunjwa, pindo linacheza kama jani la kabichi. Mwenye duka aliona ninavyoshika akajua mimi ni wa kazi hiyo. Akanigeuzia gauni nje ndani bila kuombwa. Hatukuwa na maneno matano ya pamoja. Alinionyesha mahali marinda yanapokatwa kwa duara, si kwa urefu wa kitambaa, ndiyo maana hayana mikusanyo kiunoni mwake. Nikanunua mita nne za kitambaa chekundu chenye nukta nyeupe.

Siku iliyofuata ni treni ya dakika 45 hadi Córdoba. Watalii wengi huja asubuhi, wanaona msikiti, wanarudi Sevilla jioni. Na sisi ungekuwa mpango wetu, kama si ile tiketi ya Granada. Jioni mabasi yakaondoka, mji ukatuachia vichochoro vyeupe, vyungu vya maua ukutani, na daraja la Warumi juu ya mto Guadalquivir. Chakula kilikuwa biringanya za kukaanga zilizonyunyiziwa asali ya miwa. Bei chini kuliko Sevilla, na chumba, kwa kuwa sasa nilikuwa nimelijua neno, kilikuwa cha nje.

Asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi, kuanzia saa mbili na nusu hadi saa tatu na nusu, unaingia Mezquita, ule msikiti wa kale, bila kulipa. Baada ya hapo ilikuwa euro 13. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linatoka. Tulikuta watu hawafiki 30. Jengo lilianzwa 785 na Abdurrahman wa kwanza, likaongezwa na waliomfuata, na tangu 1236 ni kanisa. Ndani ni msitu. Nguzo 856 na juu yake matao ya mistari myekundu na myeupe, tao juu ya tao. Nilizihesabu hadi 60 nikapotea. Katikati ya msitu huo wamepachika kanisa refu lenye mwanga, na ukitoka kwenye matao ukaingia humo ni kama mtu amewasha taa ghafla usoni.

Kuswali hairuhusiwi kwa Waislamu, hilo mlijue kabla hamjafika, na walinzi wanatazama. Tulisimama mbele ya mihrabu, ile yenye vigae vidogo vya dhahabu, tukanyamaza. Kisha Baba Shadia akatoa simu taratibu, akafungua dira. Akaniita kwa kidole. Ukuta wa kibla umeelekea kusini, na Makka kutoka hapo iko mashariki. Alikagua mara tatu, akaenda hadi nguzo nyingine akakagua tena. "Mama Shadia," akaninong'oneza, "hawa nao walipinda." Alifurahi kuliko alivyofurahi Bernabéu, ingawa mbele ya watu hatakubali.

Tulikaa saa nzima ile. Tulipotoka uani, foleni ya mabasi ya kwanza ilikuwa imefika barabarani.

Wanaonipigia kuniuliza nawajibu hivi: mara ya kwanza, mkiwa na siku saba, lala Sevilla usiku mbili badala ya tatu, Córdoba usiku mbili badala ya mmoja. Madrid iwe ya kushukia na kupandia ndege tu, isipokuwa una mume kama wangu. Granada usiipange kabla hujashika tiketi ya kasri mkononi, jina na namba ya pasipoti vimesomwa. Neno lenyewe Granada kwa lugha yao ni komamanga, na mimi na hilo komamanga bado tuna hesabu. Nimeshamwambia Shadia aanze kutazama tarehe. Baba yake hajui.

Kile kitambaa cha nukta nimekikata. Uzi wa nailoni nimeupata Ggaba kwa wauza nyavu, shilingi chache tu. Bibi harusi mmoja wa Bombo aliona marinda niliyojaribu kwenye mikono ya gomesi, akataka ya dada zake wote sita. Nimemwambia kitambaa kimebaki mita mbili.